Junzi na Mwungwana: Tatizo la Kusoma Maandishi ya Kale ya Kichina kwa Kiswahili baina ya Ruiru na Thika

Utangulizi

Barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika ilijengwa upya baina ya mwaka 2009 na 2012, na kazi hiyo ilifanywa na makampuni matatu ya Kichina. Kandokando yake vimesimama vyuo vikuu kadhaa: Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, karibu na Ruiru, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pale Juja, na Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta ilianzishwa Taasisi ya Confucius kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Shandong, ambacho kimo katika jimbo lile lile alikozaliwa mwanafikra ambaye taasisi hiyo imepewa jina lake. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba lugha ya Kichina ingeingizwa katika mtaala wa shule za msingi.

Hapana shaka, basi, kwamba Kichina kimefika Ruiru na Thika. Lakini Kichina kilichofika ni kile cha kujitambulisha, cha kuuza na kununua, na cha kuombea kazi au nafasi ya masomo. Fikra za kale ambazo watu wa China wenyewe huzihesabu kuwa msingi wa elimu yao zimebaki nyuma. Na pale zinaposomwa, aghalabu husomwa kwa Kiingereza. Makala haya yanadai kwamba njia hiyo si ya lazima, na kwamba ina hasara. Kiswahili kina msamiati, na zaidi ya msamiati kina historia ya jamii, vinavyoweza kumfikisha msomaji karibu zaidi na baadhi ya maandishi hayo kuliko Kiingereza. Ili hoja isipotelee katika mambo mengi, litachunguzwa neno moja tu, junzi, pamoja na neno la Kiswahili linalopendekezwa kuwa mwenzake, yaani mwungwana.

Njia ya Kiingereza

Mji wa Thika wenyewe ni shahidi wa hasara inayosemwa hapa. Kwa miaka mingi wasomaji wa ng'ambo waliujua kwa kitabu kimoja, kumbukumbu za utoto za Elspeth Huxley zilizotolewa mwaka 1959 na kufanywa tamthilia ya televisheni nchini Uingereza mwaka 1981. Ni kitabu kilichoandikwa kwa ustadi, na Wagikuyu wamo ndani yake; lakini wamo kama walivyoonekana kutoka barazani mwa mlowezi. Mtu aliyezaliwa Thika akikisoma huitambua milima na mito, ila huwaona wazee wake kwa mbali, kama kwamba wanasema lugha isiyosikika. Mtu huyo, kuliko wengine, angepaswa kuingiwa na shaka anapoletewa watu wa China ya kale kwa njia ya mtu wa tatu.

Kongzi aliishi tangu mwaka 551 hadi 479 K.K. katika dola ndogo ya Lu. Jina la Confucius si la Kichina. Ni umbo la Kilatini lililotumiwa na mapadri Wajesuiti, waliochapisha tafsiri ya Kilatini ya baadhi ya maandishi ya mapokeo yake mjini Paris mwaka 1687. Kitabu kinachokusanya mazungumzo yake na wanafunzi wake huitwa Lunyu, na kina sehemu 20. Tafsiri ya Kiingereza iliyoweka msingi kwa wengi waliofuata ni ile ya James Legge, iliyotoka Hong Kong mwaka 1861. Legge alikuwa mmisionari, na baadaye, mwaka 1876, akawa profesa wa kwanza wa Kichina katika Chuo Kikuu cha Oxford. Elimu yake haikuwa haba, na hakuna afaaye kuibeza. Hata hivyo, kila mfasiri hufasiri kwa maneno ya kwao. Neno junzi yeye alilifanya kuwa mtu aliye juu ya wengine. Arthur Waley mwaka 1938 na D. C. Lau mwaka 1979 walichagua neno la Kiingereza linalomtaja bwana wa ukoo mwema na mwenye tabia njema. Roger Ames na Henry Rosemont, mwaka 1998, waliyaacha yote hayo wakasema mtu wa kuigwa. Mwanafunzi wa Kahawa au Juja anayesoma tafsiri hizi hujikuta akiamua ugomvi wa Waingereza na Wamarekani juu ya maneno yao wenyewe.

Asili ya neno junzi

Neno junzi lina sehemu mbili: jun, yaani mtawala au bwana, na zi, yaani mwana. Maana yake ya kwanza ni mwana wa mtawala, na kwa upana, mtu wa tabaka la mabwana. Katika mashairi ya kale yaliyotangulia wakati wa Kongzi neno hili hutaja mabwana wa nchi, na pengine mke humtaja mumewe kwa neno hilo hilo. Ni jina la cheo kabla ya kuwa jina la tabia.

Katika Lunyu neno hili hutokea zaidi ya mara 100, na hapo ndipo mageuzi yanapoonekana. Kongzi hakulitupa neno la mabwana akaunda jipya. Alilichukua akalipa sharti: anayestahili kuitwa junzi ni yule mwenye mwenendo wa junzi. Aliyezaliwa katika nyumba kubwa asipojifunza na kujizuia huwa na jina tupu, na mtu wa hali ya chini anaweza kulifikia jina hilo kwa juhudi. Inasimuliwa kwamba Kongzi hakumkataa mwanafunzi yeyote aliyemletea hata kifurushi cha nyama kavu kuwa ada ya ualimu. Hata hivyo, maana ya zamani haikufa. Katika sehemu nyingine za kitabu junzi bado ni mkubwa wa nchi, na anayetajwa kinyume chake, xiaoren, yaani mtu mdogo kwa tafsiri ya neno kwa neno, bado ni mwananchi wa kawaida. Maana mbili hukaa pamoja katika neno moja, na nguvu ya kitabu hutoka katika mvutano huo. Tafsiri yoyote inayoifuta mojawapo huufuta mvutano pia.

Mwungwana

Neno mwungwana lina historia inayofanana na hiyo kwa namna ya kustaajabisha. Katika miji ya pwani mwungwana alikuwa mtu huru, aliyezaliwa na watu huru, kinyume cha mtumwa. Lilikuwa jina la tabaka: mwungwana alikuwa na ukoo, na aghalabu nyumba ya mawe, na nafasi yake msikitini na barazani. Lakini neno halikukaa hapo. Katika karne ya 19 wapagazi na askari wa misafara iliyokwenda bara, ambao wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa, walijiita Waungwana. Lugha yao iliyoenea mashariki mwa Kongo ikaitwa Kingwana, na jina hilo likabaki katika vitabu vya isimu. Watu walionyimwa jina nyumbani walilichukua safarini. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, msingi wa zamani wa jina hili uliondoka, na iliyobaki mbele ni maana ya tabia: upole, kauli njema, kutimiza ahadi, kuona haya. Methali imeyafupisha mageuzi yote hayo kwa maneno machache: uungwana ni vitendo.

Methali hiyo haikanushi kwamba uungwana uliwahi kuwa nasaba. Inajibishana na watu wanaodhani kwamba bado ni nasaba. Hivyo ndivyo Kongzi anavyojibishana na mabwana wa zama zake. Ndiyo maana inadaiwa hapa kwamba mwungwana ni tafsiri ya junzi iliyo bora kuliko mtu bora, mtu mwema, au mtu mwadilifu. Maneno hayo yana maana ya tabia peke yake, wala hayana tabaka la kupigana nalo.

Jaribio la kwanza: mwungwana na utu

Dai kama hili halina budi kupimwa kwa matini. Dhana nyingine kubwa ya Lunyu ni ren. Neno hili hutamkwa sawa na neno la Kichina lenye maana ya mtu, na herufi yake huandikwa kwa alama ya mtu pamoja na alama ya mbili. Mengzi, aliyeishi katika karne ya 4 K.K., aliyafungamanisha waziwazi maneno hayo mawili. Legge alilifasiri neno hili kwa namna mbalimbali kufuatana na mahali, mara wema, mara ukarimu wa moyo. Lau alilishikilia hilo la pili. Katika Kiswahili uhusiano huo hauhitaji maelezo: mtu na utu. Wala si wa Kiswahili peke yake. Mwanafunzi wa Thika ambaye lugha yake ya kwanza ni Kigikuyu ana mũndũ, na Mkamba ana mundu. Shina ni moja, na kila mmoja anaweza kulitia kiambishi cha dhana. Tafsiri ya ren kuwa utu huhifadhi umbo na maana kwa pamoja, jambo ambalo Kiingereza hakikuliweza.

Sasa lipo jambo katika sehemu ya 14 ya Lunyu ambalo limewasumbua wafasiri. Kongzi anakiri kwamba huenda wakawapo junzi waliopungukiwa na ren, ila hajapata kuwapo xiaoren aliye nayo. Mfasiri aliyechagua mtu bora kwa junzi hufika hapa akakwama, kwa sababu mtu bora asiye na utu ni kauli inayojipinga. Shaaban Robert alimwita mhusika wake mmoja Utubora, na kila msomaji wa Utubora Mkulima anajua kwamba katika jina hilo ubora na utu haviachani. Lakini mwungwana asiye na utu ni kauli ambayo kila Mswahili anaielewa mara moja, na pengine anamfahamu mtu wa namna hiyo. Ni yule mwenye salamu zote, kanzu safi na kauli laini, asiyemhurumia yatima. Kauli ya Kongzi, ambayo kwa tafsiri nyingine huonekana kama fumbo, kwa Kiswahili huwa lawama iliyo wazi kwa watu wa cheo.

Jaribio la pili: waungwana na "washenzi"

Jaribio la pili ni gumu zaidi, na ndilo linalowahusu hasa wasomaji wa Ruiru na Thika. Katika sehemu ya 9 inasimuliwa kwamba Kongzi alitamani kwenda kuishi miongoni mwa Yi, watu wa mashariki waliokuwa nje ya ada za Kichina. Aliambiwa kwamba watu hao hawana adabu. Akajibu, kwa maana, kwamba pale anapokaa junzi hapawezi kuwa na ukosefu wa adabu.

Tafsiri iliyo karibu na ulimi ni kumfanya Kongzi atake kuishi miongoni mwa washenzi. Hapa mwungwana analeta mzigo wake wote. Pwani, kinyume cha mwungwana hakikuwa mtumwa tu, bali mshenzi pia, na mshenzi alikuwa mtu wa bara: Mgikuyu, Mkamba, Mnyamwezi. Mwanafunzi wa Thika akiisoma sentensi hiyo atajikuta, bila kutaka, upande wa wanaosemwa. Waweza kuwapo watakaosema kwamba hiyo ni sababu ya kutosha ya kulikataa neno mwungwana, na kwamba neno lililotumika kuwadharau watu wa bara halifai kubeba fikra zinazotakiwa kuheshimiwa na watu hao hao.

Pingamizi hili ni zito, lakini linathibitisha zaidi ya linavyokusudia. Dharau imo ndani ya matini yenyewe. Wachina wa kale waliwagawa watu kuwa wa ndani na wa nje ya ada zao, na wanafunzi wa Kongzi hawakuepukana na mgawanyo huo. Tafsiri laini ya Kiingereza humwezesha msomaji kuupita bila kuhisi kitu. Kiswahili hakimruhusu. Msomaji wa Thika, ambaye lugha anayosomea iliwahi kumwita mshenzi, anaisoma hadithi hiyo akiwa mahali pa Yi, na kutoka hapo anaweza kuuliza swali ambalo Legge hakuwa na sababu ya kuliuliza: je, ni nani aliyeamua kwamba watu hao hawana adabu? Na je, jibu la Kongzi linawainua watu wa mashariki, au linamtukuza mgeni tu? Hilo ni swali la uhakiki wa kweli, na limezaliwa na lugha ya msomaji.

Hata hivyo, kukubali mzigo si kuuongeza. Yi na wabaki kuwa Yi, kwa jina lao, pamoja na maelezo; wala xiaoren asifanywe mshenzi wala mtumwa. Mtu mdogo nalo halifai, kwa kuwa Waswahili wengi wangedhani anatajwa kijana. Mtu duni lina faida ya kushika maana zote mbili, uduni wa hali na uduni wa nafsi, kama lilivyo neno la Kichina.

Jaribio la tatu: mwungwana ni nani?

Katika neno junzi mna mwana wa kiume. Mwungwana haonyeshi jinsia, kama yalivyo majina ya ngeli ya kwanza. Kwa haraka yaweza kudhaniwa kwamba hiyo ni faida tupu, kwa kuwa tafsiri ya Kiswahili inawakaribisha wanawake palipokuwa na wanaume peke yao. Lakini ukarimu wa sarufi waweza kuficha ubahili wa historia.

Ban Zhao, mwanamke msomi aliyeishi mwisho wa karne ya 1 na mwanzo wa karne ya 2 B.K., aliandika mafunzo kwa ajili ya binti zake. Humo anawafundisha unyenyekevu na utii kwa mume. Lakini humo humo anawalaumu junzi wa zama zake kwa kuwasomesha wavulana na kuwaacha wasichana. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuyasoma mafunzo hayo bila kumkumbuka Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi mnamo mwaka 1858. Naye anahimiza utii, na anataja watano ambao radhi yao yahitajiwa: Mwenyezi Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Wafuasi wa Kongzi nao walihesabu mahusiano matano: ya mtawala na raia, baba na mwana, mume na mke, mkubwa na mdogo, na rafiki kwa rafiki.

Tahadhari yahitajika hapa. Hesabu ya tano kukutana na tano si ushahidi wa undugu, na hakuna sababu ya kudhani kwamba utendi wa Siyu na Pate una chembe ya China ndani yake. Watano wa Mwana Kupona wanaanzia kwa Mungu. Watano wa China hawamtaji. Faida ya kuwasoma wanawake hawa pamoja ni nyingine: kila mmoja wao alitumia maandishi, chombo ambacho wanaume wengi wa zama zake walikihesabu kuwa chao, kumrithisha mtoto wa kike mafunzo ya kunyenyekea. Katika lawama ya Ban Zhao, ikiwa junzi atafasiriwa mwungwana bila maelezo, msomaji hatajua kwamba wanaolaumiwa ni wanaume. Hapo mfasiri hana budi kuandika waungwana wanaume, na kulieleza jambo hilo.

Suala la nakala

Lipo jambo moja ambalo wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wangelileta katika somo hili wakiwa tayari wamelizoea. Wengi huisoma Lunyu kana kwamba ilitoka kinywani mwa Kongzi ikiwa kamili. Sivyo. Ilikusanywa na wafuasi kwa muda mrefu, na zilikuwapo nakala zilizotofautiana. Mwaka 1973, huko Dingzhou, vilipatikana vipande vya mianzi vyenye sehemu za Lunyu katika kaburi la mfalme aliyekufa mwaka 55 K.K. Mwaka huo huo, katika kaburi la Mawangdui lililofungwa mwaka 168 K.K., zilipatikana nakala za hariri za kitabu kiitwacho Daodejing, ambazo zimeitanguliza nusu ya pili ya kitabu mbele ya ile ya kwanza. Mwaka 1993 mianzi ya Guodian ikaleta sehemu za kitabu hicho zilizo kongwe zaidi.

Mtu aliyelinganisha hati mbalimbali za Al-Inkishafi, akaona beti zilivyohama na maneno yalivyobadilika mikononi mwa wanakili, hashangazwi na mambo haya. Anajua kwamba hati ni kazi ya mkono wa mtu. Ujuzi huo umo katika idara za Kiswahili, na haujaalikwa katika madarasa ya Kichina.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mwungwana hulibeba neno junzi kwa sababu maneno yote mawili yalianzia katika cheo yakaelekea katika mwenendo. Kwamba utu huibeba ren kwa umbo na kwa maana. Na kwamba pale ambapo historia ya mwungwana inachoma, mchomo huo humfungulia msomaji wa bara mlango wa kuhakiki ambao Kiingereza kiliufunga. Imeonyeshwa pia mipaka: si kila faida ya sarufi ni ya kupokelewa, na si kila mfanano ni undugu.

Kazi inayofuata si kubwa mno kwa vyuo vilivyoko baina ya Kahawa na Thika. Idara ya Kiswahili na walimu wa Kichina waketi meza moja, wachague sura chache za Lunyu, wazisome katika Kichina cha kale, na kuandika Kiswahili katika ukurasa unaotazamana na matini, pamoja na maelezo ya kila neno lililokubaliwa na kila lililokataliwa. Kiingereza kiwepo mezani kama mgeni mwenye ujuzi, bila kuwa mkalimani wa lazima. Mwanafunzi atakayelelewa hivyo atajifunza Kichina zaidi ya kile cha barabarani, na atakipima Kiswahili chake kwa kipimo ambacho hakijawahi kutumiwa darasani mwake. Wahenga walisema kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Katika shughuli hii mgeni amekwisha kufika; kilichosalia ni mwenyeji kumsemesha kwa lugha yake.